Majibu yenu: kompyuta inayosoma, na Pemba isiyosomeka

Vipi kompyuta ijue Chake Chake ni mji, na hakuna aliyeifundisha? (Mwalimu wa skuli, Wete)

Imefundishwa, Mwalimu, ila kidogo. Chukua NELL, programu iliyoanza kazi Januari 2010 chini ya Tom Mitchell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Kila kundi, iwe miji au wanyama, lilipewa mifano 10 hadi 15, kisha programu ikaachiwa mtandao isome usiku na mchana. Ikiona "meya wa" hutangulia miji inayoijua, jina geni likitokea hapo nalo hushukiwa kuwa mji. Na jina hilo huleta maneno mengine ya kufuatia. Makosa huingia kwa mlango huohuo. Vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta, kwa Kiingereza vina jina moja na biskuti, "cookies". NELL ikaviweka kwenye vitu vya kuoka, na mafaili mengine yakafuata! Baada ya miezi 6 ya kuachiwa peke yake, robo hivi ya makundi yalikuwa yanasuasua, ndipo watu wakaanza kuyapitia, kila kundi dakika kama 5 kila wiki 2. Wanaohubiri kuwa mashine "inajifunza yenyewe" hawawataji watu hawa.

Simu imenambia Pemba ni makao makuu ya Cabo Delgado, Msumbiji. Imenidanganya? (Mkoani)

Hata. Mji huo upo. Hadi 1975 ukiitwa Porto Amélia. Andika "kisiwa cha Pemba".

Kompyuta ina akili kama binaadamu? (Wengi)

Kila wiki swali hili! Someni majibu ya nyuma.

Jambo likiwa kwenye kurasa nyingi, si ndiyo kweli? (Kiembe Samaki)

Mashine nayo huelekea kudhani hivyo, na hapo ndipo tunapoumia. Muuza vyumba wa Nungwi anaandika kuwa Zanzibar ni kisiwa kimoja chenye fukwe nyeupe, wenzake mia wananakili, na Pemba imeshazama. Wale mia ni shahidi mmoja tu. Simlaumu, anatafuta wageni. Nawalaumu wanaojua: karafuu nyingi zinatoka Pemba, na wanaojua kuzichuma, kuzichambua na kuzianika wameyaacha yote kwenye sauti za WhatsApp, mashine isikofika. Halafu wanalalamika simu haijui kitu.

Nataka kuandika historia ya kijiji chetu. Nianzeje? (Micheweni)

Anza na wazee, na uandike nani kasema, wapi na lini. "Msikiti wa kale sana" hausaidii mjukuu wala mashine. "Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia" unasaidia wote wawili. Namba za vitambulisho na kesi za mashamba ziache nje. Kikishanakiliwa, hukipati tena kukifuta.

Kiswahili sanifu au Kipemba? (Huyohuyo)

Kipemba. Sanifu ina waandishi wa kutosha.