Waulize Wanamagongo: Orr au Ovechkin?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mjomba wetu anayekaa Toronto alipokuja likizo alituachia takwimu za hoki ya barafuni, na tangu siku hiyo mimi na kaka yangu ni ubishi mtupu. Yeye anamtaka Alex Ovechkin, aliyempita Wayne Gretzky, mwenye rekodi ya mabao ya ligi ya NHL, mwaka 2025. Mimi nimeona Bobby Orr ana +124 msimu wa 1970–71, na Ovechkin ana -35 msimu wa 2013–14. Kesi si imekwisha hapo? — Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Haijakwisha, ingawa na mimi niko upande wa Orr.

Namba hiyo yenye alama ya + au - huhesabiwa hivi: timu yako ikifunga nawe umo uwanjani, unaongezewa moja, ikifungwa, unapunguziwa moja. Lakini bao likifungwa na timu yenye watu wengi, kwa kuwa mpinzani ametolewa kwa adhabu, halimo katika hesabu. Hapo ndipo Ovechkin alipoumia. Msimu ule alifunga mabao 51, hakuna aliyemfikia katika ligi, na karibu nusu yake aliyapata wapinzani wakiwa pungufu. Hayo hayakumpa hata moja. Halafu kipa wako akiachia bao jepesi, unaandikiwa wewe.

Orr alikuwa beki, na bado msimu wake ule wa 1970–71 alifunga 37 akatoa pasi za mabao 102. Timu yake, Boston, ilifunga 399, ikafungwa 207. Sasa mtazame beki aliyecheza naye, Dallas Smith: naye alivuka +90. Mchezaji mzuri, ila alikaa karibu na moto akaota.

Kwa hiyo mimi huuliza: akikaa benchi, timu inakuwaje? Nililijua hili nikiwa mezani pale Mombasa Sports Club, naandika kumbukumbu za mechi. Magongo yetu nayo wachezaji huingia na kutoka watakavyo. Daftari nimelibana kwa jiwe, upepo wa kusi usilifunue. Beki wetu wa kati akitoka napiga mstari, akirudi napiga mwingine. Mashindano yalipokwisha nikajumlisha. Yeye mwenyewe hakufunga hata bao moja. Lakini akiwemo tulifunga tisa tukafungwa matatu. Akiwa nje tulifunga mawili tukafungwa sita, na dakika za nje zilikuwa chache mno. Nilimwonyesha kocha ukurasa ule. Aliutazama kitambo kirefu, na toka siku hiyo hakumpumzisha tena dakika za mwisho.

Beki mwingine, Larry Robinson wa Montreal, alipata +120 msimu wa 1976–77. Ni namba kubwa, lakini timu ile ilipoteza mechi 8 tu kati ya 80. Robinson akiketi kuvuta pumzi, walioingia waliendelea kushinda. Orr naye hakuwa na timu dhaifu, lazima tukiri. Hata hivyo, nikiitazama ile +90 ya mwenzake, naona mkono wa Orr ndani yake, na Robinson simwoni hivyo.

Basi kaeni na kaka yako, mtafute mabao ya timu kila mmoja akiwemo na akiwa nje, na dakika zake. Na Ovechkin mchukulieni misimu yote. Ukishika msimu bora wa Orr ukaulinganisha na mbaya wa mwenzake, umemdhulumu kaka yako, na kwa hilo usinitaje mimi kuwa shahidi.