Si ushamba, mkuu. Miaka 9 ya kaunta uwanja wa ndege imenionyesha kingine

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Mdau wetu wa Bagamoyo kauliza swali, na nimeona majibu mengi ni ya kumkejeli, nikaona nisinyamaze. Kwa ambaye hakusoma: alikuwa anamsindikiza baba yake, mzee wa miaka 74, kwa ndege kutoka Dar kwenda Mwanza. Abiria wa mbele akalaza kiti ghafla, chai ikammwagikia mzee mapajani. Badala ya kumpa pole, yule bwana akasema kiti hicho amekilipia. Maneno yakazaa maneno mpaka mhudumu akaja kusimama katikati yao. Mdau anauliza: huu ni ushamba wa watu wetu, au ndege yenyewe ina kitu? Maana bwana huyo huyo ukimkuta mtaani atamwamkia mzee vizuri tu. Wiki ijayo mzee anarudi kwa ndege, na ameshasema hataki.

Mimi nilifanya kazi ya kaunta pale Dar kwa miaka 9, Jengo la Pili, kabla Jengo la Tatu halijafunguliwa mwaka 2019. Nilipima mizigo, nilikagua pasipoti na visa, nilitoa bodingi pasi. Nimetukanwa, nimerushiwa pasipoti kifuani, na nimewaona watu wazima wakilia. Sasa niko nyumbani, Makorora. Jibu langu ni kwamba si ushamba. Wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza ndio waliokuwa wapole kuliko wote. Waliozoea ndio waliokuwa wakali.

Ninavyoona mimi, safari ya ndege inamvua mtu vitu viwili kabla hajafika kwenye kiti chake: sitara na habari.

Nianze na sitara, kwa sababu sijaona aliyeigusa humu. Kuna mama mmoja wa Pangani sitamsahau. Alikuwa anakwenda Muscat, binti yake kajifungua. Ruhusa ya mzigo ilikuwa kilo 23, mizani yangu ikaandika 31. Alipie zile kilo 8 au apunguze. Hela hana. Basi begi likafunguliwa pale pale sakafuni, na nyuma yake foleni ya watu kama 40, wanawake kwa wanaume. Zikatoka kanga, ukatoka unga wa muhogo, ubani, kopo la samli, nguo za kichanga, na nguo zake za ndani alizokuwa amezikunjia katikati ya kanga kama afanyavyo mwanamke yeyote mwenye haya. Mikono inamtetemeka. Bwana mmoja wa nyuma, suti imemkaa vizuri, akafyonza, akasema kwa sauti, "Mama, watu tuna safari." Yule mama akamgeukia akamjibu neno ambalo siliandiki hapa. Mama mtu mzima, mwenye buibui lake, ambaye dakika 5 nyuma alikuwa ananiita mwanangu na kuniulizia hali ya wazazi!

Mtu akivuliwa hadharani hushika chochote kilicho karibu ajifunikie, hata kama ni tusi.

Nikatoka nyuma ya kaunta, nikachukua kanga moja humo humo begini, nikamwomba mwenzangu ashike ncha za upande wa pili, tukamkinga. Akapanga vitu vyake nyuma ya kanga ile kwa dakika kama 10. Samli na unga akamwachia mpwa wake aliyemleta. Hakuna aliyenung'unika tena, na bwana wa suti alipofika kwangu aliongea kwa sauti ya chini kabisa. Msimamizi wangu alinikemea kwa kuacha kaunta. Ningefanya tena.

Na baada ya kaunta bado. Mlangoni ulishavua mkanda na viatu ukavaa, kule ndani unavua tena. Mzee wa kanzu anainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Mwenye hijabu anapapaswa kichwa. Sisemi ukaguzi uondolewe. Tunajua ukali wake ulikotoka: Septemba 11 mwaka 2001, kisha ile njama ya Agosti 2006 kule London ya kulipua ndege kwa vimiminika, ndiyo iliyotuletea kanuni ya mililita 100. Lakini kuna mkaguzi anayesema "mzee wangu, niwie radhi," na kuna anayesema "wewe, mikono juu." Mashine ni ile ile, dakika ni zile zile, ila abiria wanaotoka upande wa pili si wale wale.

Kitu cha pili ni habari. Panda basi hapa stendi ya Kange uende Dar, kilomita 350 hivi. Muheza unanunua machungwa, Segera unajua umefika njia panda, Chalinze unaanza kuwapigia simu wanaokupokea. Tairi likipasuka karibu na Mkata mnashuka wote, mnaliona kwa macho, vijana wawili wanamsaidia utingo, kuna mama anafungua kikapu anagawa maandazi. Mmechelewa saa 2 na hakuna aliyegombana na jirani yake. Kila mtu anajua kilichotokea na anaona kinavyoshughulikiwa.

Ndege ikichelewa unaambiwa "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Maneno hayo nimeyasema sana, na niwaambie ukweli, mara nyingi mimi mwenyewe nilikuwa sijui lolote kumzidi abiria aliyesimama mbele yangu. Ndege moja huzunguka safari kadhaa kwa siku. Ukungu wa Songwe ukiizuia asubuhi, abiria wa Kilimanjaro wa jioni atalipa deni ambalo hajui lilikopwa wapi. Yapo pia makampuni mengi duniani yanayouza tiketi kuzidi idadi ya viti, kwa hesabu kwamba baadhi ya watu hawatatokea. Siku wakitokea wote, mwenye kaunta ndiye anayetumwa kumtazama mtu usoni na kumwambia hana kiti.

Siku moja niliamua kusema kweli. Mhandisi mmoja aliniambia pembeni kwamba wanabadilisha tairi na itachukua kama saa moja na nusu. Nikasimama juu ya mizani nikatangaza hivyo hivyo: ni tairi, ni saa moja na nusu, nendeni mkale mrudi. Watu waliokuwa wananigongea kaunta wakaniambia asante. Muda wa kusubiri haukupungua hata dakika moja.

Ukishaingia ndani, mwili nao unadai chake. Hewa ya ndani ya ndege kubwa huwekwa iwe kama ya mlimani, sawa na mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari. Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Maana yake mzee wa Bagamoyo, aliyezoea kulala anasikia mawimbi, amepandishwa juu ya Lushoto kwa muda wa nusu saa hivi, tena kwenye hewa kavu ambayo unyevu wake mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Sisi wa pwani hewa yetu inazuia hata nguo kukauka kambani. Koo linakauka, kichwa kinagonga, na usingizi wa alfajiri hujaumaliza. Na anayeongeza pombe juu ya hayo, sina haja ya kueleza.

Halafu viti. Zamani, kutoka kiti hadi kiti daraja la kawaida ilikuwa kama inchi 34 au 35. Siku hizi 30 au 31 ndiyo kawaida, na baadhi ya kampuni za bei nafuu zimefika 28. Nafasi imekatwa, lakini katika ndege nyingi kitufe cha kulaza kiti kimeachwa pale pale. Kwa hiyo mdau, yule bwana hakukosea aliposema amelipia. Na baba yako naye amelipia mahali pa kuweka magoti yake na kikombe chake. Kampuni imewauzia watu wawili nafasi moja, kisha ikawaacha wagombane wao kwa wao, na mhudumu mwenye mshahara mdogo ndiye anayeitwa kuamua. Hili linaniudhi mpaka leo.

Madaraja nayo yana mchango wake. Mwaka 2016 watafiti wawili, Katherine DeCelles na Michael Norton, walichapisha uchambuzi wa matukio ya vurugu ndani ya ndege. Waliona kwamba uwezekano wa vurugu katika daraja la kawaida ulikuwa karibu mara 4 kwenye ndege zenye daraja la kwanza kuliko zisizo nalo, na uliongezeka zaidi ya mara 2 pale abiria wa kawaida walipopitishwa katikati ya wenye viti vipana kwanza. Wapo waliozipinga hesabu zao. Mimi niliyesimama getini nimeona sura za watu wakipita pale na mtoto mgongoni, begi linagonga kila kiti, huku mwenzao ameshanyoosha miguu na glasi mkononi. Sihitaji hesabu.

Na anayebisha kwamba ni tabia tu, aje hapa hapa Tanga apande kile kindege cha Pemba. Injini moja, watu 12 au 13. Unapimwa wewe na mzigo wako, kilo 15, na hakuna anayeona aibu kwa sababu tunapimwa wote, mpaka mheshimiwa. Daraja ni moja. Rubani unamwona shingo yake; anageuka anasema, "Jamani kuna wingu pale mbele, tutatikisika kidogo." Tunatikisika, mabibi wanavuta uradi, chini unaona mkonge umepangwa mistari, kisha bahari. Dakika 20 hivi umefika. Nimekipanda mara nyingi na sijawahi kusikia mtu akigombania sehemu ya kuegemeza mkono. Ni watu wale wale, wakuu. Wengine niliwahi kuwahudumia Dar wakiwa wakali kama pilipili.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu nisije nikaonekana nimekaa upande wa kaunta tu.

Mwaka 2016 nilimpeleka mama India kwa matibabu ya macho. Mama ana kisukari. Tukaunganisha ndege nchi moja ya Ghuba, na pale kwenye ukaguzi wakamchukulia chupa yake ya asali ya Handeni, zawadi ya kumpelekea mwenyeji wetu. Alikuwa ameizungushia leso mara mbili ili isivunjike. Kijana wa ukaguzi akaichukua na leso yake akatupa vyote kwenye pipa, bila neno. Mama akabaki anatazama lile pipa. Kisha tukakaa saa 6 getini bila kuambiwa kitu. Chakula alichotakiwa kula na dawa kiliisha kwenye saa ya tatu ya kungoja.

Geti lilipofunguliwa nikamshika mama mkono nikapenya mbele ya kila mtu. Nilimsukuma kijana mmoja aliyebeba mtoto. Mkoba wangu ukampiga mtoto kichwani, akalia. Sikugeuka. Mimi, mwenye miaka yangu ya kuwaambia abiria wafuate foleni! Ndani, kijana yule akaja kukaa safu yetu. Nikaweka mkono wangu kwenye egemeo kwa nguvu, kama vile nalinda shamba.

Mama akaniuliza polepole, "Umemsalimu huyu?"

Nikamwambia mama niache, nimechoka.

"Nakuuliza umemsalimu?"

Akainama mbele yangu akamsalimu mwenyewe, kwa Kiswahili, huku amenyoosha mkono. Kijana alikuwa Mhindi, hakuelewa neno, ila mkono akaupokea kwa mikono miwili. Mama akatoa visheti vyake vya kwenye mfuko, vile havikuwa kimiminika vikapita, akampa mtoto kimoja. Nikaona pale kichwani kwa mtoto pamevimba kidogo. Nikamwomba baba yake radhi kwa Kiingereza, na sauti yangu haikutoka vizuri. Yule kijana akasema naye amekaa getini saa 6, na mkewe yuko hospitalini. Tulikuwa tumekaa viti vya kutazamana muda wote ule na sikuwa nimemwona.

Mdau wa Bagamoyo, kwa safari ya mzee fanya hivi. Pigia kampuni simu mapema, angalau saa 48 kabla, uombe kiti cha magurudumu hata kama anatembea. Kwa kawaida ni bure, na anayekisukuma humwombea njia kwenye ukaguzi kwa adabu. Mchagulie kiti cha kando ya njia. Siku hiyo avae viatu vya kuvua kirahisi na asifunge mkanda, ili asisimame mbele za watu akishikilia suruali. Mwambie tangu nyumbani kila hatua itakavyokuwa, nani atamgusa na kwa nini, ili lisimjie geni. Mkikaa, kabla ndege haijaondoka, mguse bega aliye mbele yenu, umsalimu, na mzee amsalimu. Kisha mwambie: ndugu yangu, ukitaka kulaza kiti nishtue kwanza, baba yangu huwa na chai mkononi.

Mzee mpe pole zangu kwa kuungua. Tunasubiri mrejesho.