Bunduki ya kaliba ya .30-06 inayotawanya risasi sentimita 15 kwa mita 100

Ndugu, usikimbilie kubadilisha mtutu. Hakikisha chemba ni tupu, kisha anza na skrubu. Darubini iliyolegea hata kidogo inatosha kutawanya risasi hivyo. Fungua pete zinazoshika darubini na bamba linalobeba pete hizo, futa mafuta kwenye nyuzi za skrubu, kaza pete kwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 2 hivi. Skrubu zinazoshika bunduki kwenye mbao zitosheke na Nm 4 hadi 5. Ukizidisha, mbao inabonyea na chuma kinapinda.

Halafu pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao. Hapa ndipo bunduki nyingi za mbao zinapoharibika: masika mbao hunywa unyevu, huvimba na kuusukuma mtutu upande mmoja. Dalili yake ni risasi ya kwanza kupiga vizuri, zinazofuata zikihama kuelekea upande uleule kadiri mtutu unavyopata moto. Karatasi ikikwama, piga msasa taratibu, kisha paka vanishi ulipokwangua. Lakini angalia kwanza: viwanda vingine huacha sehemu ya mbao inayougusa mtutu kwa makusudi karibu na ncha ya mbao, hiyo usiiguse haraka.

Safisha shaba iliyoachwa na risasi ndani ya mtutu kwa dawa yake mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya buluu. Kagua ukingo wa mdomo wa mtutu. Mkwaruzo hapo ni kazi ya fundi.

Ukijaribu, egemeza kwenye mfuko wa mchanga, piga tatu tatu, acha mtutu upoe. Linganisha risasi za uzito wa greni (kipimo cha uzito wa risasi) 150, 165 na 180. Kundi la matundu lenye upana wa sentimita 4 au 5 linatosha kabisa kwa mawindo.