Swali la Msomaji: Hema Chini ya Udzungwa

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi na mke wangu tunataka kwenda na watoto wawili kulala kwenye hema Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa. Likizo ya Aprili itafaa? Tubebe nini? – Baba Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aprili hapana. Hiyo ni masika yenyewe. Subiri Juni au Julai. Mimi niliwahi kuwa mkaidi, nikafunga hema kwenye kibonde kwa kuwa nyasi zake zilikuwa laini. Saa nane usiku godoro lilikuwa linaelea na viatu vimeshaondoka. Basi, tafuta mahali palipoinuka kidogo, na kabla ya kupigilia vigingi vya hema kagua ardhi: ukiona msafara wa siafu, hata mwembamba kama uzi, hama. Usijidanganye kwamba wanapita tu.

Mang'ula ni bondeni, joto na mbu wapo, kwa hiyo blanketi moja moja linatosha ila chandarua ni lazima. Kuni za hifadhini usiguse. Beba mtungi mdogo wa gesi. Mchele na dagaa utapata sokoni hapo hapo.

Maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, msiyakose. Anzeni asubuhi, pamoja na mwongozaji, na yule mtoto mdogo mjiandae kumbeba wakati wa kushuka. Ngazi za udongo huteleza, na mtoto aliyekwishaogelea huwa hana miguu tena.