Mikono inasema, uso umelala

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, kuna jambo jipya ulilojifunza ukubwani likakutuliza moyo? Kwangu lipo. Nilianza kujifunza Lugha ya Ishara ya Kenya nikiwa na miaka 51, miezi mitano baada ya kupunguzwa kazini.

Nilikuwa nimefanya kazi ya uchapishaji miaka 19. Barua ilipokuja sikulia wala kufoka, ila nilinyamaza. Kila asubuhi nilivaa shati la kazini, nikaketi sebuleni hapa Umoja hadi mama watoto aliporudi jioni. Watu hawakuniishia maneno: vumilia, Mungu yupo, umeshapata kitu? Hilo la mwisho lilinifanya niwakwepe hata ndugu zangu wa damu.

Stejini kwetu kuna kijana kiziwi anayeuza mayai ya kuchemsha na smoki. Miaka yote tulielewana kwa vidole: mawili, na kachumbari nyingi. Jioni moja aliandika kwenye simu yake, akanionyesha: "Uso wako umebadilika. Kuna nini?" Nilitamani kumjibu, lakini si kwa kuandika.

Basi nikatafuta darasa, nikalipata katika ukumbi wa kanisa Buruburu, kila Jumamosi alasiri. Mwalimu naye ni kiziwi. Tulianza na alfabeti ya vidole, kisha salamu. Nilidhani ni lugha ya mikono tu. Kumbe ishara moja ina umbo la kiganja, mahali inapowekwa, mwendo wake, na uso wa anayeitoa. Ukibadilisha kimoja, huenda umesema neno jingine kabisa. Wala si Kiswahili au Kiingereza kilichohamishiwa vidoleni. Ina sarufi yake yenyewe, na Katiba ya 2010 inaitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. (Nilikuwa nimeipigia kura Katiba hiyo bila kuliona jambo hilo.)

Jumamosi ya tatu mwalimu aliniita mbele nimuulize mwenzangu swali. Mikono ilikwenda sawa. Mwalimu akatikisa kichwa, akaandika ubaoni: "Mikono inasema, uso umelala." Nikarudia mara nne. Nyusi zilikataa kuinuka. Koo lilinikaba pale mbele ya watu, maana alikuwa amesema kweli, na hakujua amesema kweli kubwa kiasi gani.

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo cha bafuni. Kuuliza. Kushangaa. Kukataa. Kufurahi kulinichukua jioni nyingi. Binti yangu wa mwisho alinikuta nikihangaika na uso wangu mwenyewe, akaanza kuniiga, na tukacheka hadi mama yake akaja kuuliza kuna nini.

Najua kuna orodha maarufu ya mambo matano ya kutunza afya ya akili, iliyotolewa mwaka 2008 na New Economics Foundation ya Uingereza, na kuendelea kujifunza ni mojawapo. Siipingi. Ila mimi ningemwambia mtu achague somo linalomdai kile alichokificha. Katika lugha hii ukigeuza macho umekosa sentensi nzima. Kwa saa mbili mawazo ya kodi na karo hayana pa kuingilia, kwa sababu lazima umtazame mwenzako usoni, naye akutazame wewe. Ni nani mwingine aliyekuwa akinitazama kwa saa mbili?

Lakini asidhani mtu kwamba darasa linatosha. Usingizi uliponitoroka kabisa nilikwenda kwa mshauri nasaha, na bado namwendea. Yeye ndiye aliyenisaidia kusema neno "nimeumia". Darasa lilinisaidia kulionyesha.

Kazi ya kudumu sijapata. Napata vibarua vya kusahihisha maandishi. Jumatano iliyopita yule kijana aliniuliza, kwa ishara, mbona nimechelewa. Nikamweleza yote: usaili niliotoka, jinsi ulivyokwenda vibaya, mvua iliyokwamisha matatu Jogoo Road. Wateja wawili walisimama wakisubiri. Alinirekebisha mahali pawili, akaishika mikono yangu na kuiweka juu zaidi, karibu na kifua. Kisha akamenya yai, akaweka kachumbari, akakataa pesa.

Msomaji wenu, Umoja, Nairobi