Usiende kugombana na anayempiga mtoto, piga 116 kwanza

Nyumba niliyokuwa nimepanga Mbagala, Dar es Salaam, ilikuwa na vyumba sita, na chumba cha mwisho uani aliishi dada mmoja na mtoto wa marehemu kaka yake, kama miaka 8 hivi. Kelele zilikuwa kila siku. Mwanzo tukasema anaadabishwa tu, nani hajachapwa utotoni, mpaka siku nilipomwita nimpe chapati nikauona mgongo wake, ni waya ule jamani sio fimbo, na kumbe akikojoa kitandani analazwa nje.

Nikavamia chumba cha yule dada nikamsema mbele za watu. Nilijiona nimesaidia. Usiku ule mtoto akapigwa mara mbili ya siku zote kwa sababu "kapeleka maneno nje". Hii inaniuma mpaka leo ndo maana nasema, usimkabili mhusika kabla hujajua mtoto atalala wapi.

Saa tano usiku nikapiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure hata kama huna salio. Wakaniuliza mtoto yuko hatarini sa hivi au la, umri, mtaa, anaishi na nani, jina langu sikulazimishwa kutaja. Wao wakamtafuta afisa ustawi wa jamii wa manispaa, akaja na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, mtoto akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali.

Majirani waliniambia naingilia mambo ya watu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa, kwa hiyo hata kwa mtendaji wa mtaa unaweza kuanzia. Ila ukiona wanakwambia mkayamalize kifamilia, usiishie hapo, nenda dawati mwenyewe. Kwa huyu mtoto wetu, ndugu zake walikaa kikao mara mbili wakitaka yaishe nyumbani, afisa ustawi akakataa.

Na kama mtoto ameingiliwa kimwili hapo hakuna kusubiri kikao cha mtu yeyote, hospitali siku hiyo hiyo, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora. Najua utatamani umwogeshe, usimwogeshe kwanza, nguo zake usifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Usimhoji hoji pia, akikuambia kitu mwambie nakuamini na sio kosa lako, maswali waachie wanaojua kuuliza watoto.

Yule mtoto sasa anaishi na bibi yake mzaa mama, anasoma. Ukiinua mkono ghafla bado anashtuka, na kitandani anakojoa mara moja moja, bibi anatoa shuka anaanika, anamwekea uji.