Mgao wa kaunti za Kenya, 2024/25
Wapo wanaodhani kaunti ziliishia na shilingi bilioni 380 kutoka serikali ya kitaifa mwaka huo wa fedha. Hapana. Zilipata bilioni 387.4. Sheria ya awali ya ugavi wa mapato ilizitengea bilioni 400.1, lakini Rais Ruto alipokataa kutia saini Mswada wa Fedha, uliokuwa na kodi mpya, mwezi Juni 2024, bajeti ilibaki na pengo la takribani bilioni 346, naye akapendekeza matumizi yapunguzwe kwa bilioni 177 na sehemu iliyosalia ikopwe. Ndipo Bunge la Taifa likataka kaunti nazo zifunge mkaja kwa kushushiwa mgao hadi bilioni 380, huku Seneti ikishikilia kuwa hata senti moja isiguswe. Mvutano huo ulimalizwa na kamati ya upatanishi ya mabunge yote mawili, kwa utaratibu wa Kifungu cha 113 cha Katiba. Magavana walilalamika sana, ingawa mwaka uliotangulia walikuwa wamepata bilioni 385.4, kwa hiyo kilichopunguzwa hasa ni nyongeza waliyokwisha kuahidiwa. Ruzuku zenye masharti, yaani fedha ambazo kaunti hupewa kwa kazi maalumu tu, hazimo katika bilioni hizo 387.4. Hizo huhesabiwa kando.